Banda la Mteja Aliyeghairi

Mimi ni Mhehe wa Iringa, na Wahehe tunasemwa kwamba hasira zetu hazingoji kuitwa mara mbili. Sipingi. Mume wangu ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu ambaye akikanyagwa mguu kwenye foleni ya benki, yeye ndiye anayeomba radhi. Ndoa yetu imedumu kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtu mmoja tu wa kugomba, na kazi hiyo naifanya vizuri.

Alistaafu mwaka jana. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali pale Kibaha, akafungua mafaili na kufunga mafaili tangu ana nywele nyeusi mpaka zilipokaribia kuisha. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani, mimi wakanipa kitenge. Tulipofika nyumbani Misugusugu aliiweka ile saa chini ya kitanda na kusema kwamba sasa anakuwa seremala.

Sikushangaa, maana maisha yake yote alitaka useremala. Kila Jumamosi alikuwa kibarazani na randa lake, anakwangua ubao mmoja huohuo, maranda yanaruka mpaka kwenye sufuria zangu. Hakuwahi kumaliza kitu. Mbao za mninga alizonunua kwa kujinyima zilinyeshewa chini ya turubai zikapinda, akazigeuza, zikapinda upande wa pili. Kila alipoulizwa alikuwa na jibu moja: "Nikipata mahali, mtaona."

Kwa hiyo aliposema anataka kuweka banda la chuma kule Kisarawe, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, sikubisha. Chuma hakiliwi na mchwa, na mchwa wa Kisarawe tunawajua. Angepata pa kuweka meza ya kazi, mashine ya kuranda na mbao zake zikae pakavu. Lakini nilikuwa na hofu. Kiinua mgongo hakiji mara mbili. Kikiishia kwenye banda bovu, nilijua mume wangu atarudi kwenye kochi, ashike rimoti, azeeke mbele ya taarifa ya habari. Nimeona wastaafu wa mtaani kwetu wakizeeka hivyo, na sikutaka wangu awe mmoja wao.

Jumamosi moja akanipeleka kwenye yadi aliyoiona barabarani, barabara ya Morogoro, upande wa Kibaha. Pale walikuwa wanauza mabanda na maghala ya chuma yaliyo tayari, ukilipa wanakuja kuyasimamisha. Getini kulikuwa na bango kubwa lenye picha ya jengo la bluu, sakafu inang'aa, ndani limeegeshwa lori na bado kuna nafasi ya kuchezea mpira. Mume wangu alisimama mbele ya lile bango kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Nilimvuta mkono ndipo akatembea.

Muuzaji alikuwa mwanamume kijana, viatu vya ncha, shati limeshonwa nembo kifuani, mdomo mtamu. Alinipa shikamoo kabla sijafika kwenye meza. Akamgeukia mume wangu.

"Mzee wangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Kisarawe hapo."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Yule bwana akaweka kalamu chini, akazunguka meza, akamshika mume wangu mabega. "Mtani wangu huyu. Mimi Msukuma wa Shinyanga. Leo nimekamatika, bei ya watu wengine siwezi kukupa hata nikitaka."

Utani wa Wazaramo na Wasukuma ni wa zamani, tangu watu wa bara waliposhuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka. Anaweza kukamata kitu chako, na hukipati mpaka umekikomboa. Na kubwa kuliko yote, mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakukumbusha mpaka siku ya msiba wako. Sasa mpe silaha hiyo mtu anayeuza, halafu mletee mume wangu, ambaye hata asiye mtani hamkasirikii. Nilijua hapo aliyeuzwa ni mume wangu.

Maneno yakaanza kumiminika. Kuna mteja wa Bagamoyo, alisema, aliagiza jengo, vyuma vikakatwa, mabati yakapakwa rangi, kila kitu tayari, mteja akaghairi. Jengo zima limelala ghalani. Bosi ameamua litoke kwa bei ya hasara, mradi litoke. Ila mwisho ni leo, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo bei inarudi palepale.

Kisha akatoa kwenye mkoba wa ngozi kipande cha bati la bluu, ukubwa wa daftari la shule, akanipa. "Geji ishirini na nane, mama. Gonga mwenyewe." Nikagonga. Sitasema uongo, lilikuwa bati. Lilikuwa zito mkononi na halikuitikia kidole. Mambo ya geji yako kinyumenyume, namba ikiwa ndogo ndipo bati linakuwa nene, na hilo nilikuwa nalijua kwa sababu tulishaezeka nyumba.

"Hilo jengo tunaweza kuliona?" nikauliza.

"Liko ghala la mbali, mama, na mwenye ufunguo kasafiri."

"Na hiyo bei ni pamoja na nini?"

"Jengo zima."

"Milango?"

Akamgeukia mume wangu. "Mtani, huyu mama umemtoa wapi, Iringa? Chunga mbwa wako."

Mume wangu akacheka. Mimi sikucheka. Utani wa kwamba Wahehe tunakula mbwa nauvumilia kwa Wangoni tu, hao ndio watani wangu kihalali, na wakija nyumbani nina majibu yao. Huyu alikuwa anautumia kunifunga mdomo. Kila nilipouliza kitu cha maana, yeye alitupa kichekesho upande wa pili, na swali langu likaanguka katikati bila mtu wa kuliokota. Msingi ni wa nani? Kichekesho. Usafiri? Kichekesho cha Wazaramo na ubwabwa. Nikiendelea naonekana mwanamke mkorofi anayeharibu furaha ya wanaume wawili.

Nilipoangalia, mume wangu alikuwa ameshatoa simu mfukoni, miwani puani, anatafuta jinsi ya kutuma advansi.

Hapo nikatoa silaha yangu ya mwisho. "Shangazi yako umemwambia?"

Akaacha kubonyeza. Kiwanja kile ni cha ukoo, na dada wa baba yake anaishi papo hapo, nyumba ya pili. Kwao hata jiwe la mafiga halihamishwi shangazi hajajua. Akavua miwani. "Kweli," akasema, "lazima shangazi ajue kwanza."

Muuzaji akasema hakuna tabu, yeye mwenyewe atakuja Kisarawe Jumamosi ijayo kupima kiwanja na kumsalimia huyo shangazi, na kwa heshima ya utani atamwomba bosi ofa isogee mpaka siku hiyo. Nikaona ofa iliyokuwa ife saa kumi na moja imepata nafuu ghafla. Nilimwambia mume wangu hivyo tukiwa njiani, akasema yule ni mtu mwema, anatujali.

Ofisini kwetu Dar kuna mwenzangu mmoja ambaye ana banda la kuku kule Janga. Nilipomsimulia alicheka mpaka akasogeza kikombe cha chai asikimwage. Kumbe naye aliwahi kununua hivyohivyo, kwa picha. Bei aliyoambiwa ilikuwa ya vyuma na mabati peke yake. Milango ilikuja baadaye na bei yake, skrubu na bei yake, lori na bei yake, na mafundi wa kusimamisha walifika wakauliza msingi uko wapi. Mwaka ulipokwisha akabomoa akajenga upya kwa fundi wa mtaani. "Muulize kimoja kimoja," akaniambia, "na usimwachie mpaka atamke kwa mdomo wake."

Jioni ya siku hiyo nikashuka kwenye ile yadi peke yangu, nikajifanya naangalia mageti. Muuzaji hakuniona, alikuwa na wateja, mume na mke, Wachaga kwa lafudhi yao. Alikuwa amewashika mabega.

"Mimi Mpare wa Same," anawaambia. "Nyie watani wangu, bei ya watu siwezi kuwapa." Halafu nikasikia habari za mteja aliyeghairi. Safari hii alikuwa wa Chalinze.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa pomoni. Nikamweleza mume wangu neno kwa neno huku nasonga ugali.

"Labda mama yake ni Mpare," akasema.

"Na mteja wa Bagamoyo aliyehamia Chalinze?"

"Labda wameghairi wawili."

Nikaweka mwiko chini, maana nilijua nikibaki nao mkononi sitaaminika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akasema kwa upole kwamba mtu akishakuita mtani, huwezi kusimama mbele yake ukamwambia muongo. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamwonea huruma. Alikuwa analitaka sana lile jengo la kwenye bango. Alikuwa ameshalijenga kichwani mwake, na hakutaka mtu alibomoe.

Jumamosi tukaenda Kisarawe kupitia Pugu. Shangazi alikuwa ameshapata habari na amevaa kanga mpya. Ni mwanamke mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya akina mama usharikani hapo, na anasikia anachotaka kusikia. Kiwanja alikikubali mapema, alisema ni kheri palie nyundo kuliko palie bundi. Kilichomchangamsha ni habari ya mgeni. "Anakuja Msukuma?" aliniuliza mara kadhaa. "Msukuma kweli?" Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe anasema hivyo.

Muuzaji akafika na bodaboda, mkoba wake begani, futi ya kupimia mkononi. Akampigia magoti shangazi, shikamoo bibi, marahaba, habari za Kisarawe, nzuri.

"Nasikia wewe ni Msukuma," shangazi akasema.

"Ndiyo, bibi. Mtani wako kabisa."

"Mtani wangu kabisa?"

"Wa damu."

"Karibu, mtumwa wangu. Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akatuomba maji, tukamnyweshea kwenye kifuu. Wewe umekuja kulipa?"

Muuzaji akacheka vizuri, kama inavyopaswa. Majirani wawili watatu wakasikia sauti ya shangazi imepanda, wakasogea kwenye uzio wa minyaa. Watu wa pale hawaachi utani upite hivihivi.

Akapima kiwanja, akachomeka vijiti, akamsifu mume wangu kwa eneo lenye mwinuko. Halafu akatoa kile kipande cha bati la bluu akampa shangazi. "Gonga, bibi, usikie chuma."

Shangazi akagonga. Akakigeuza, akakipima kwa viganja, akakiweka juu ya kigoda chake, akakikalia.

"Hiki nimekikamata," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji naye akacheka, akauliza atakikomboa kwa nini. Sukari na majani ya chai, shangazi akasema. Muuzaji akamtuma dereva wa bodaboda dukani palepale, vikaja, na juu yake mche wa sabuni ambao hakuombwa. Shangazi akapokea vyote, akaviweka miguuni, akabaki amekaa.

"Bibi, kipande changu."

"Hiyo ilikuwa ya maji. Bado ya kifuu."

Bodaboda akatumwa tena, zikaja soda. Shangazi akawagawia majirani, yeye akachukua ya tangawizi. Hakuinuka. Mwanzoni nilifurahia tu, kama wote. Ukweli ni kwamba shangazi hakuwa na hila yoyote. Baadaye aliniambia kile kipande kilikuwa kinaenea kabisa mdomo wa mtungi wake wa maji, ndiyo maana alikipenda. Lakini yule bwana alikuwa ameanza kutoka jasho. Alicheka kwa meno, macho hayacheki tena. Akaomba. Akabembeleza. Akatoa ahadi ya kuleta kilo za sukari wiki ijayo.

Nikajiuliza moyoni: jamani, kampuni yenye yadi nzima ya mabati, mtu wao analilia kipande cha ukubwa wa daftari?

Nikasogea. Nikaongea kwa sauti ya upole ambayo mume wangu akiisikia huwa anatafuta pa kukaa. "Mtani wa mume wangu, usisumbuke. Mwachie bibi hicho. Kateni kingine kwenye mabati ya lile banda letu, kiwe chenu cha kuonyeshea, yaishe."

"Hiki ni cha ofisi, mama."

"Na yale ya banda ni ya nani?"

"Ni ya kampuni hiyohiyo. Ila yale ni tofauti kidogo."

"Tofauti ya rangi?"

"Rangi ni hii hii."

Shangazi akajiweka sawa kwenye kigoda. "Tofauti gani, mtani? Sema. Mimi nimekaa."

Angeweza kukasirika akaondoka. Mtu mwingine angefanya hivyo. Lakini alijiita mtani mbele ya watu wote wale, na mtani hakasiriki. Ukijiita mtani, basi utani unakuhusu mwanzo mpaka mwisho, uwe wa kweli au wa kubuni.

"Yale ni geji thelathini na mbili, bibi," akasema.

"Hiyo ndiyo kubwa zaidi?" shangazi akauliza, maana habari za geji hazijui kabisa.

Muuzaji akamtazama, na Mungu amsamehe, akajibu, "Namba ni kubwa zaidi."

Hapo ikasikika sauti nyuma yangu. Ilikuwa ya mume wangu. "Namba ikiwa kubwa, shangazi, bati linakuwa jembamba."

Aliongea taratibu, kama anasoma faili. Sikugeuka, niliogopa nikimtazama ataacha. Nikaendelea mimi, na kwa kuwa tulikuwa kwenye utani, niliuliza huku nacheka, na hakuna aliyeniona mkorofi. Milango? Inalipiwa pembeni. Madirisha? Vilevile. Msingi? Wa mteja. Lori kutoka Kibaha? La mteja. Kusimamisha? Mafundi wapo, wana bei yao. Dhamana ya miaka mingi iliyoandikwa kwenye bango? Ya rangi, mama, siyo ya jengo. Na yule mteja wa Bagamoyo? Akafuta uso kwa leso.

"Kwa hiyo wewe unauza picha," shangazi akasema.

Uzio mzima ukacheka, na lazima niseme ukweli wake, muuzaji mwenyewe alicheka kuliko wote. Mimi nikadhani yamekwisha. Sikuwa nimemjua vizuri mume wangu wala huyo bwana, maana dakika hiyohiyo muuzaji alimshika mume wangu mkono akampeleka pembeni, karibu na kibanda cha jiko. Niliwafuata nikasimama pale ninapoweza kusikia.

"Mtani, usiniangushe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mwezi huu sijauza hata jengo moja. Weka advansi kidogo tu leo, hayo mengine tutayarekebisha, mimi na wewe. Utaniacha nirudi mikono mitupu kweli?"

Nilijiuma ulimi. Nasema hivi kwa dhati, niliuma nikasikia chumvi. Nilikuwa na sentensi nzima imeshajipanga mdomoni, nikaimeza, kwa sababu nilijua nikisema mimi litakuwa langu, na banda lile lilikuwa lake. Mume wangu alikuwa anaangalia vile vijiti vilivyochomekwa ardhini. Mkono wake ulikuwa mfukoni, kwenye simu.

"Hapana," akasema.

Nimeishi na mtu huyu tangu ujana wetu. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo likiwa peke yake. Daima alilisindikiza: hapana, lakini tutaona, hapana, ila njoo kesho. Nilingoja msindikizaji. Hakuja.

"Hapana, mtani," akarudia. "Nimesaini vitu vingi vya watu kwa sababu nilionea haya kuuliza. Hiki ni cha kwangu."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Twende tukale."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya majirani wote. Kwa kuwa kwao haifai, nikaenda kupakua wali.

Muuzaji alikula sahani mbili za wali wa nazi na kisamvu, akaomba ukoko. Alipomaliza, shangazi akamwambia atampa kipande chake kwa sharti moja, aseme kabila lake la kweli mbele ya chakula. Akatazama sahani. Akasema yeye ni Mkwere, kwao ni nyuma ya Chalinze, na Shinyanga hajawahi kufika.

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. Mkwere na Mzaramo ni mtu na nduguye. "Mjukuu wetu kabisa, anatuibia kwa Kisukuma," akasema. Akainuka, akamkabidhi bati lake. "Chukua. Ndugu hakamatwi." Soda na sukari hakurudisha, na hakuna aliyetarajia arudishe.

Sisi tulikwenda Janga siku ya mvua kuangalia lile banda la pili la mwenzangu wa ofisini. Tulijifungia ndani, tukazima tochi, tukatafuta vitundu vya mwanga kwenye paa. Hatukuona hata kimoja. Basi tukampa kazi fundi aliyelijenga, mchomeleaji wa Tangini, kwa makubaliano kwamba tunalipia kilichokwisha kusimama, milango ikiwemo. Mabati tulinunua wenyewe. Mume wangu aligonga bati moja moja mpaka mwenye duka akamwambia, mzee, ndani hakuna mtu wa kukufungulia. Akacheka, akaendelea kugonga.

Banda lilipokamilika lilikuwa dogo, wala lori haliingii. Kuna meza ya kazi, mashine, rafu ya mbao, na nafasi ya mtu mmoja kugeuka bila kujikwaa. Yeye anashinda huko siku za katikati ya wiki, analala kwa shangazi, Ijumaa anarudi Misugusugu na maranda kwenye nywele chache alizobakiza.

Wakati wa masika nilimfuata Alhamisi moja, nikiwa likizo, bila kumwambia. Mvua ya Kisarawe ilikuwa inamwagwa, siyo kunyesha. Nikafungua mlango, hakunisikia kwa kelele za bati. Alikuwa ameinamia mashine, mgongo kwangu. Katikati ya banda kulikuwa na kiti, kimekamilika, kimepigwa msasa. Kitu cha kwanza alichomaliza mume wangu maishani mwake. Nikakikalia taratibu, kikacheza. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na egemeo lilikuwa limeinama upande.

Akageuka akaniona nikiyumba. Akazima mashine.

"Unajua kwa nini nilitaka sana kumwamini yule bwana?" akaniuliza, hata salamu hatujapeana.

"Utani," nikasema. "Na upole wako."

Akatikisa kichwa. Alikaa juu ya rundo la mbao, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilikuwa naogopa. Maisha yangu yote nimewaambia watu ningekuwa seremala mzuri kama ningepata mahali. Moyoni nilijua lile banda lake ni bovu. Lakini likivuja, mbao zikipinda, ningesema ni banda. Mngenionea huruma." Akainua macho juu. "Sasa angalia."

Nikaangalia. Mvua ilikuwa inapiga lile paa kwa hasira zote za mwezi ule, na ndani hapakudondoka hata tone.

"Sina tena pa kusingizia," akasema.

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu. Nikatazama maranda sakafuni.

"Kiti kinacheza," nikamwambia.

"Najua."

"Ni mguu wa nyuma, huu wa kushoto."

"Najua, mama. Shuka."

Nikashuka. Akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, magoti yake yakalia, akakipindua kiti miguu juu, akanyoosha mkono kutafuta msumeno. Mimi nikaushika ule mguu usitikisike, naye akaanza kupima upya.